Kosa la Hatua ya Tatu

Mchezo wa sataranji wa wachezaji wa ridhaa huchambuliwa kwa kurudi nyuma. Aliyeshindwa huanzia pale alipoumia, penye kete iliyoliwa bure au mfalme aliyenaswa, na mara nyingi huishia hapo hapo. Huweka alama ya kuuliza pembeni mwa hatua ile, hujilaumu kidogo, kisha hufunga daftari. Uchambuzi wa namna hiyo hauna faida kubwa, kwa sababu hatua iliyomuua ilikuwa karibu ya lazima. Mchezo ulikwisha kuharibika hatua tano au sita kabla yake, ubao ungali umejaa na hakuna aliyehisi hatari. Kazi ya mchambuzi ni kuifikia hatua hiyo ya mapema. Akishaifikia, kuijua hatua sahihi hakumtoshi, kwa kuwa hiyo kitabu chochote kitamwambia. Anapaswa kujua ni kitu gani kilichoifanya hatua mbaya ionekane nzuri machoni pa aliyeicheza.

Ufunguzi ni hatua kumi hadi kumi na tano za mwanzo, ambamo kila upande hutoa kete zake kutoka mstari wa nyuma, hugombea miraba ya katikati, yaani d4, e4, d5 na e5, na humtafutia mfalme mahali pa salama. Kwa jicho la mgeni hakuna linaloamuliwa hapo. Anayelijua bao la Kiswahili atalielewa jambo hili upesi. Wakati wa kunamua, kila mchezaji akiwa na kete 22 za akiba anazoziingiza moja moja, mtazamaji hudhani vita bado. Ikifika mtaji, kete za mkononi zikiwa zimekwisha, ndipo inapoonekana kwamba mmoja wao alikwisha kushindwa zamani, na kwamba alishindwa akiwa bado ana kete za kuingiza.

Sataranji haikuwa kali hivi tangu mwanzo. Katika mchezo wa zama za Bani Abbas, ambao mabingwa wake al-Adli na as-Suli waliuandikia vitabu katika karne ya 9 na ya 10, kando ya mfalme alisimama waziri aliyesogea mraba mmoja tu kwa mshazari, na mahali pa askofu wa leo alikuwapo tembo aliyeruka miraba miwili na kutua. Majeshi yaliweza kupangwa kwa utulivu, kila upande ukijenga umbo ulipendalo kabla ya kugusana. Mwishoni mwa karne ya 15, kusini mwa Ulaya, waziri aligeuka malkia anayekwenda popote kwa mstari au kwa mshazari, na tembo akawa askofu anayevuka ubao mzima kwa hatua moja. Kitabu cha Mhispania Lucena, kilichochapwa Salamanca mwaka 1497, kinazijua tayari sheria hizo mpya. Tangu hapo, kosa la hatua ya tatu linaweza kuadhibiwa kabla ya hatua ya kumi. Mwitalia Gioachino Greco, mwanzoni mwa karne ya 17, alijaza miswada yake michezo mifupi ambayo mshindwa wake hana jina, na kinachomshinda karibu kila mara ni kosa la ufunguzi. Kwa hiyo mchambuzi wa klabu wa leo anafanya kazi yenye umri wa miaka mia nne.

Mfano mzuri wa kazi hiyo ni mchezo uliochezwa mwaka 1858 ndani ya jumba la opera mjini Paris. Kete nyeupe zilikuwa za Paul Morphy, kijana wa miaka 21 kutoka New Orleans, ambaye mwaka huo alikuwa Ulaya akiwashinda mabingwa mmoja baada ya mwingine. Nyeusi ilichezwa na watu wawili walioshauriana: Karl wa Pili, aliyekuwa mtawala wa Brunswick huko Ujerumani mpaka alipopinduliwa mwaka 1830, na mtu mashuhuri wa Paris aliyeitwa Count Isouard. Wote wawili waliupenda mchezo, na wote wawili hawakuwa mabingwa. Mchezo ulikwisha kwa hatua 17, na kwa zaidi ya karne moja na nusu umekuwa ukifundishwa kwa ajili ya hatua za mwisho za Morphy, ambazo kweli ni nzuri mno. Lakini ukisomwa kutoka upande wa pili wa ubao, upande wa wale wapenzi wawili, ni mchezo wa klabu kamili. Makosa yake matatu bado yanafanyika kila jioni ambapo watu wa ridhaa wanakaa mezani na ubao. Na makosa hayo yana sifa moja adimu: kila moja lina sababu inayoeleweka.

Hatua za kwanza hazina lawama. Kitunda cha Morphy kilichosimama mbele ya mfalme kilisogea hadi e4, na Nyeusi ikajibu kwa kitunda chake kwenda e5. Farasi mweupe akatoka hadi f3 na kukitishia kitunda cha e5. Nyeusi ikakilinda kwa kusogeza kitunda kingine hadi d6. Ulinzi huu una jina la François-André Danican Philidor, mtunzi wa muziki wa Kifaransa ambaye kitabu chake cha mwaka 1749 kiliwafundisha watu wa Ulaya kuvithamini vitunda. Si ulinzi mbaya. Kasoro yake ni kwamba kitunda cha d6 kinamfungia njia askofu wa f8, na anayeuchagua anapaswa kujua tangu hapo kwamba ameingia deni dogo: nafasi yake ni finyu, na zamu zake hazina ziada ya kuchezea.

Katika hatua ya tatu Morphy alisogeza kitunda hadi d4. Sasa e5 inashambuliwa mara mbili, na farasi wa f3 na kitunda cha d4, wakati mlinzi wake ni mmoja. Nyeusi ilijibu kwa kumtoa askofu wa c8 hadi g4, akamkabili farasi wa f3 ambaye nyuma yake, kwenye mshazari ule ule, yuko malkia mweupe wa d1. Farasi amebanwa: akiondoka, malkia ataliwa.

Hapa ndipo uchambuzi unapaswa kukaa, kwa sababu hatua hii ina mantiki. Waliocheza waliona tishio juu ya e5. Waliona pia kwamba mmoja wa washambuliaji wawili ni farasi, na kwamba farasi aliyebanwa hawezi kula kitu. Kwa hesabu hiyo e5 imebaki na mshambuliaji mmoja na mlinzi mmoja, basi iko salama. Juu ya hayo askofu ametoka, na kutoa kete mapema ni jambo linalosifiwa. Kila sentensi ya hoja hiyo ni kweli, ila moja tu: kwamba mbano utadumu. Morphy alikula e5 kwa kitunda. Kama Nyeusi ingekula kwa kitunda cha d6, safu ya d ingefunguka, malkia wawili wangebadilishana kwenye d8, na mfalme mweusi angelazimika kula yeye mwenyewe. Mara malkia mweupe akiisha kuondoka d1, nyuma ya farasi hakuna tena kitu cha kulindwa. Mbano umeyeyuka, farasi anakula e5, kitunda kimepotea na mfalme mweusi amesimama katikati ya ubao.

Nyeusi iliuona mtego huo, lakini kwa kuchelewa kwa hatua moja. Ili kuuepuka, askofu wa g4 alimla kwanza farasi wa f3, malkia mweupe akamla askofu huyo, na ndipo kitunda cha d6 kikala e5. Idadi ya kete ni sawa, na mchezaji wa klabu ambaye huhesabu kete tu ataandika kwamba hakuna kilichotokea. Ahesabu zamu. Askofu mweusi ametumia zamu mbili, g4 na f3, na sasa hayupo ubaoni. Farasi mweupe aliyekufa ametumia zamu moja. Malkia mweupe amefika f3, mahali pazuri, bila kupoteza zamu, kwa kuwa alikuja kwa kulipiza. Mstari wa nyuma wa Nyeusi ukiondoa huyo askofu aliyekufa umebaki kama ulivyopangwa mwanzoni, na sasa ni zamu ya Nyeupe.

Mbano wa g4 umewaponza wengi. Sire de Légal, mwalimu wa Philidor na mchezaji wa mkahawa wa Régence mjini Paris, anakumbukwa kwa mtego ambamo farasi wa f3 anayedhaniwa kubanwa anaondoka tu bila kujali, askofu mweusi anamla malkia kwa tamaa, na kete ndogo tatu za Nyeupe zinamfunga mfalme katikati ya ubao. Mtego huo na mchezo wa Paris vina mzizi mmoja. Mchezaji wa ridhaa humtazama farasi aliyebanwa kama kete iliyokufa, wakati uhai wake unategemea kitu kimoja tu: kama aliyeko nyuma yake bado anahitaji kulindwa. Tathmini hiyo hubadilika kila hatua, na inapaswa kufanywa upya kila hatua.

Hatua ya sita ilileta jaribu la pili. Askofu mweupe alitoka hadi c4, akielekea f7 pamoja na malkia wa f3. Mraba wa f7 ni mahali dhaifu pa Nyeusi tangu kete zinapopangwa, kwa sababu mlinzi wake wa pekee ni mfalme mwenyewe. Malkia akila pale akisaidiwa na askofu, mchezo umekwisha. Nyeusi ikamtoa farasi hadi f6, akauziba mstari wa malkia. Mwalimu yeyote wa watoto angeipongeza hatua hii: imezuia chekimeti na imetoa kete kwa pamoja.

Morphy alimpeleka malkia b3. Kutoka hapo anaitazama b7, ambako kitunda hakina mlinzi, na kupitia kwa askofu wa c4 anaitazama f7 kwa mara ya pili. Matishio mawili kwa hatua moja, na hakuna jibu linaloyaondoa yote. Tatizo la farasi wa f6 halikuwa kwamba ni hatua mbaya kwa asili. Ilizuia tishio lililokuwa wazi na haikuuliza lile linalofuata. Kama malkia mweusi angesogea d7, au f6, angeilinda f7 na kubaki na njia ya kuikinga b7. Hatua hizo hazipendezi, maana zinamtoa malkia kabla ya farasi, kinyume na kanuni aliyoikariri kila mwanafunzi. Na hapa pana jambo ambalo vitabu vya kuanzia hulipita haraka. Morphy naye alivunja kanuni: katika hatua tisa za kwanza malkia wake alisogea mara mbili. Lakini mara ya kwanza alikula askofu, mara ya pili alitishia miraba miwili, na kila mara Nyeusi ililazimika kumjibu. Zamu iliyomfunga mpinzani mikono haijapotea. Kanuni za ufunguzi ni muhtasari wa hesabu hii, na anayezishika bila hesabu yenyewe atazitumia siku zisizohusika.

Hatua ya saba ya Nyeusi inastahili heshima, nayo ni mara chache kuipata. Malkia alisogea e7. Aliilinda f7, na akaweka kinga dhidi ya kuliwa kwa b7: malkia mweupe akila hapo, malkia mweusi ataingia b4 kwa cheki, na malkia wawili watabadilishana. Nyeusi ingepoteza kitunda kimoja lakini ingenusurika shambulio. Kwa watu waliokwisha kubanwa, huo ni ulinzi wa busara. Bei yake ni kwamba malkia amesimama mbele ya askofu wa f8, askofu hawezi kutoka, na nyuma ya askofu ngome ya h8 haina la kufanya.

Morphy hakukila kitunda cha b7. Angekila, angekuwa na kitunda cha ziada na mchezo mzuri usio na hatari, na mchambuzi hana sababu ya kumlaumu yeyote ambaye angefanya hivyo. Yeye alimtoa farasi wa pili hadi c3. Hatua hiyo ilizima ile cheki ya b4 na kuongeza kete nyingine kwenye mapambano. Nyeusi ikasogeza kitunda hadi c6, ili malkia wa e7 ailinde b7 kwa kupitia mstari wa saba. Ni ulinzi unaofanya kazi, lakini umemnyang'anya farasi wa b8 mraba wake wa asili. Askofu mweupe wa pili akatoka hadi g5 na kumbana farasi wa f6.

Ubao huu wa hatua ya tisa ndio unaostahili kupangwa upya mezani na kutazamwa kwa muda mrefu kuliko ule wa mwisho. Farasi mweusi wa b8 hawezi kwenda c6, kwa kuwa kitunda chake mwenyewe kimekaa pale. Akienda d7 anaukata ulinzi wa malkia juu ya b7. Malkia amefungwa na kazi mbili, kuilinda b7 na kumtegemeza farasi wa f6. Askofu wa f8 hana mlango. Ngome mbili hazijagusana, na mfalme yuko katikati. Kila kete nyeusi inashika kitu, na kwa hiyo hakuna iliyo huru kusogea. Mchezaji akifika hapa, mkono wake utakwenda kwenye kitunda, kwa sababu vitunda ndivyo pekee vinavyoonekana kuwa na nafasi.

Ndivyo ilivyokuwa. Nyeusi ilisogeza kitunda cha b7 hadi b5, kumfukuza askofu wa c4. Wachambuzi karibu wote huiwekea hatua hii alama ya kosa, na wana haki: kumsogeza malkia c7, ambako angeilinda b7 na kumfungulia askofu wa f8 mlango, kungerefusha upinzani. Hata hivyo aliyewahi kukaa upande huo wa ubao anaijua hisia iliyoisukuma. Baada ya kujibu matishio hatua baada ya hatua, mtu anatamani kutisha na yeye. Kumfukuza askofu kunaleta nafuu ya papo hapo. Nafuu hiyo ndiyo sababu ya kosa, kuliko upofu wa macho.

Yaliyobaki yanaweza kusimuliwa kwa haraka. Farasi wa c3 alikula kitunda cha b5, kitunda cha c6 kikamla, na askofu wa c4 akala b5 kwa cheki. Morphy ametoa farasi kwa vitunda viwili, na mbele ya mfalme mweusi pamekuwa wazi. Nyeusi ikamziba askofu kwa farasi wa b8 kwenda d7. Morphy akamhifadhi mfalme upande wa malkia, na kwa hatua hiyo hiyo ngome ikatokea d1, ikiitazama d7. Farasi wawili weusi sasa wamebanwa wote, mmoja mbele ya mfalme na mwingine mbele ya malkia. Ngome ya a8 ikaja d8 kusaidia. Ngome nyeupe ikala d7, ngome nyeusi ikalipiza, na ngome ya pili ya Morphy ikachukua d1. Kete yake ya mwisho isiyokuwa na kazi imeingia kazini. Malkia mweusi akasogea e6, akimtaka malkia mwenzake wabadilishane. Askofu akala d7 kwa cheki, farasi wa f6 akamla, na malkia mweupe akaenda b8, penye mdomo wa farasi, kwa cheki. Farasi hakuwa na hiari ila kumla. Ngome ikashuka d8, ikilindwa na askofu wa g5, na ikawa chekimeti. Morphy alibaki na ngome moja na askofu mmoja pamoja na vitunda. Nyeusi ilikuwa na malkia, ngome, askofu na farasi, na katika hao askofu wa f8 na ngome ya h8 hawakusogea hata mara moja tangu mchezo uanze.

Kete hizo mbili zilizolala ndizo ushahidi mkuu wa kesi hii, na zinarudisha hesabu kwenye zile hatua tisa. Katika hatua tisa za kwanza Nyeusi ilisogeza vitunda mara tano: e5, d6, kula e5, c6 na b5. Askofu aliyekufa mapema alitumia zamu mbili. Farasi mmoja alipata zamu moja, na malkia moja. Nyeupe katika muda huo huo ilisogeza vitunda mara tatu tu, na zamu sita zilizobaki zilikwenda kwa farasi wawili, maaskofu wawili na malkia. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo tisa za Nyeusi iliyokuwa ya kipuuzi, na hiyo ndiyo sababu mchezo huu unafundisha kuliko ule ambao mtu anaacha malkia wake aliwe kwa kutotazama. Kila hatua ilijibu swali lililoulizwa dakika ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa nini Nyeusi ndiyo inayojibu siku zote.

Programu za kompyuta za leo zinauona mchezo kwa mizani yake. Stockfish, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2008 na isiyo na malipo kwa yeyote mwenye simu, itaitaja hatua ya tatu kuwa dosari, ya sita kuwa mbaya, na ya tisa kuwa mbaya zaidi. Ukubwa huo ni sahihi. Lakini mchezaji wa klabu anayesoma namba hizo atavutwa na ile kubwa kuliko zote, atajifunza kwamba b5 ni kosa, na wiki ijayo atacheza tena askofu g4. Namba haina kumbukumbu: inapima umbali wa hatua moja na hatua bora, na haisemi kwamba b5 ilizaliwa na c6, c6 ikazaliwa na malkia wa e7, naye malkia na farasi wa f6, na wote ni wajukuu wa askofu aliyetoka hatua ya tatu. Ukoo huo huandikwa na binadamu.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi una maana kubwa. Kwanza lazima pawepo rekodi. Katika mashindano ya mchezo wa muda mrefu, sheria za FIDE, shirikisho la dunia lililoanzishwa Paris mwaka 1924, humtaka kila mchezaji aandike hatua zake, na mchezo wa klabu usioandikwa hupotea pamoja na makosa yake yote. Pili, kabla ya kuwasha kompyuta, mchezaji aandike pembeni mwa kila hatua ya ufunguzi alichokuwa akikifikiria: aliogopa nini, alitaka nini, aliamini nini juu ya hatua inayofuata ya mpinzani. Maandishi hayo hayaandikiki tena mashine ikishasema, kwa sababu akili hujifanya ilikuwa inajua. Kwa hatua ya tatu ya Paris, neno la ukweli lingekuwa fupi: farasi amebanwa, basi e5 iko salama. Mtu akiliona neno hilo kwa mwandiko wake mwenyewe, amelikamata kosa zima. Tatu ndiyo zamu ya kompyuta na vitabu, na hapo swali la kuipa mashine ni lile alilolikosa mwenyewe: mbano huu unavunjwa na nini?

Mikhail Botvinnik, Mrusi aliyekuwa bingwa wa dunia kwa vipindi tofauti kati ya 1948 na 1963, alishikilia kwamba mchezaji achambue michezo yake mwenyewe na auchapishe uchambuzi huo ili wengine waukosoe. Karpov, Kasparov na Kramnik walipita katika shule yake. Ushauri huo unafaa klabu kuliko unavyowafaa mabingwa. Bingwa ana makocha wa kumkosoa. Mchezaji wa ridhaa ana wenzake wa mezani tu, na akiwaonyesha mchezo alioshindwa pamoja na sababu zake za wakati ule, watatambua sababu zao wenyewe ndani yake. Kuwaonyesha michezo iliyoshindwa kunahitaji ujasiri ambao kuonyesha ushindi hakuhitaji, na klabu inayouheshimu ujasiri huo hukua haraka.

Uchambuzi wa ufunguzi unapaswa hatimaye kutoa jibu la kucheza, na hapa jibu lipo. Hakuna haja ya kuutupa ulinzi wa Philidor kwa sababu ya askofu mmoja. Baada ya kitunda cheupe kufika d4, Nyeusi inaweza kula hapo kwa kitunda cha e5. Farasi mweupe akilipiza, farasi mweusi anatoka f6 na kukikabili kitunda cha e4, na Nyeupe ikishamtoa farasi c3 kukilinda, askofu wa f8 anakwenda e7 na mfalme yuko tayari kuhifadhiwa upande wake. Anayependa kuishika katikati hucheza farasi f6 mara moja. Nyeupe ikijibu kwa farasi c3, farasi wa b8 anasogea d7 kuitegemeza e5, na askofu wa f8 anatoka e7. Nafasi ni finyu kidogo, kama ilivyo desturi ya ulinzi huu, lakini zamu hazikupotea. Askofu wa c8 anabaki nyumbani katika njia zote mbili, akingoja ijulikane farasi wa f3 atakaa au ataondoka.